Taa za basi la shule ziwe amri ya kusimama

Mhariri,

Naandika kuhusu taa za kumwekamweka kwenye mabasi ya shule. Kwa sheria za Kenya, mabasi hayo hupakwa rangi ya manjano, lakini rangi peke yake haimsimamishi dereva. Basi likiegeshwa, bodaboda hupenya upande wa kushoto, kati ya mlango na ukingo wa barabara, palepale mtoto anapokanyaga chini. Inatisha mno! Watoto wengine huvuka mbele ya basi, ambako dereva wa matatu anayelipita hawaoni.

Nchini Marekani, taa nyekundu zikimweka, magari yanayofuata basi husimama. Naiomba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iweke amri kama hiyo hapa, iwataje bodaboda waziwazi, na polisi waisimamie kila asubuhi na jioni.

Mzazi,
Nakuru