Barua ya wazi kwa mdogo wangu mwalimu: ile mishale miwili ya barafu

Mdogo wangu, salamu sana, na hao watoto wako wa darasa la nne wasalimie. Ile manila uliyochora ya hali za maji nimeiona kwenye grupu la familia, kila mtu kakusifia na mimi nakusifia, mkono unao, ila kuna mishale miwili inanikera na nimeona bora niandike hapa hadharani maana walimu wengi wa huku Tanga wanafundisha hivohivo.

Mshale wa kwanza ni ule unaotoka barafu, unapita maji, unafika mvuke, utadhani njia ni hiyo moja tu. Waambie watoto wakaangalie ndani ya friza, hasa zile za kina mama wauza barafu za ukwaju ambazo mlango hautulii kutwa nzima, wataona ule weupe ulioganda ukutani mpaka watu wanaukwangua kwa kisu (wewe usiwaruhusu kukwangua, watatoboa friza za watu). Pale hakuna aliyemwaga maji. Ni mvuke wa hewa yetu hii ya pwani, umeingia mlango ulipofunguliwa, umekutana na baridi kali ukawa barafu hapohapo, kwenye maji haukupita. Na safari ya kurudi ipo pia, barafu inaondoka ikawa mvuke bila kulowanisha kitu, na hapo ndo Kilimanjaro inapoingia.

Kule juu kwenye kilele cha Kibo, mita 5,895, baridi iko chini ya sifuri muda mwingi na hewa ni kavu kwelikweli, kwa hiyo jua likipiga zile kuta za barafu sehemu kubwa haichuruziki, inapotelea hewani. Kuyeyuka kupo pia, sikatai. Alafu watoto wajue ile barafu haikuanza kama maji yaliyogandishwa kwenye vifuko, ilianza kama theluji, ikaanguka juu ya theluji ya zamani, ikagandamizwa na uzito wake yenyewe miaka na miaka, hewa ikabanwa ikatoka mpaka ikawa barafu ngumu, na ikishakuwa nene vya kutosha inaanza kuteremka mlima polepole, yaani yabisi, kitu kigumu, inatembea, hilo peke yake linatosha kipindi kizima. Sasa theluji mpya ikipungua hakuna cha kufidia kinachoondoka, na barafu kuukuu inabaki na vumbi, imefifia, inanyonya jua ambalo theluji nyeupe ingelirudisha. Mwaka 1912 barafu ya mlima ule ilikuwa na ukubwa wa kama kilomita za mraba 12, leo hata 2 hazifiki. UNESCO walisema 2022 kwamba inaweza kuisha kabisa ifikapo 2050, hao watoto wako watakuwa na miaka thelathini na kitu.

Mshale wa pili ndo umenifanya niandike. Umeutoa kule kileleni kwenye weupe ukaushusha moja kwa moja mpaka mto Pangani, mpaka baharini. Mtoto wa huku akiuona huo mshale ataelewa kwamba barafu ikiisha mto nao umekauka, na si hivyo bwana. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, inashuka Korogwe, inazungusha mitambo ya umeme pale Hale, inaingia baharini Pangani, na maji yanayotoka huko mlimani mengi sana ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa kwenye miteremko, yanazama ardhini yanatokea chini kama chemchemi. Mchango wa barafu ni mdogo. Kwa hiyo mshale uanzie msituni, na kama ni kuwatia watoto wasiwasi basi watie kuhusu moto na mashoka kule msituni. Barafu tunaililia kwa sababu zake nyingine, ila tusiisingizie mto.

Somo la mvuke nalo usihangaike na sufuria na jiko la mkaa darasani, watoto wanaondoka wakiamini maji hayawi mvuke mpaka yachemke nyuzi 100. Wapeleke kwenye mashamba ya chumvi wakati wa kiangazi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua na upepo vinayachukua kidogokidogo, hakuna aliyewasha moto, chumvi inabaki chini. Hapo waulize mbona mvua haina chumvi na mawingu yake yametoka baharini, uwaache wabishane kwanza, usiwape jibu. Halafu waulize na ya Kibo, ile barafu ukiilamba ina ladha gani.

Ila mwenye shamba muombe ruhusa mapema, wengi hawapendi watoto wakanyage majaruba yao chumvi ikiwa inakaribia kuvunwa.

Dada yako.