Eid Mubarak, hasa kwa wenye khofu mwaka huu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu, dada zangu, wazee wetu na vijana wetu. Eid Mubarak! Taqabbalallahu minna wa minkum, Allah atutakabalie funga zetu, swala zetu, na zile dua za usiku ambazo kila mtu anajua mwenyewe alikuwa anaomba nini. Ramadhani imeondoka jamani, yaani kama vile haikukaa. Mwaka huu nimeona nisitume ile picha ya mwezi na maua peke yake, nataka niandike kidogo, maana najua wengi mnaingia kwenye Eid hii moyo ukiwa mzito.

Wapo wanaosoma hapa wakiwa kwenye nchi zenye vita. Wapo ambao wenyewe wako salama lakini ndugu zao wako huko na simu haipatikani toka juzi. Na wapo wengi zaidi ambao mabomu hayako karibu nao kabisa, ila khofu imewafuata mpaka chumbani kupitia simu, wanalala nayo wanaamka nayo. Halafu mtu anajiuliza, hivi ni sawa kweli mimi nivae nguo nzuri niseme Eid Mubarak wakati kuna watu wanazika watoto wao? Swali hili nimelisikia sana Ramadhani hii, na mimi siwezi kumwambia mtu kwamba ni udhaifu wa imani. Mwenye kuuliza hivyo ana moyo.

Ila tukumbuke Eid ya kwanza kabisa ilikuwaje. Funga ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, na ndani ya Ramadhani hiyo hiyo, tarehe 17, ndo vikapiganwa vita vya Badr, Waislamu mia tatu na kitu dhidi ya watu karibu 1,000. Haikupita wiki mbili toka siku ile mwezi wa Shawwal ukaandama na watu wakatoka kuswali Eid. Sasa fikiria waliosimama kwenye zile safu. Mashahidi wa Badr walikuwa 14, kwa hiyo kulikuwa na nyumba zimefiwa na matanga hayajapoa. Na nyumba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe ilikuwa mojawapo, kwa sababu binti yake Bibi Ruqayya alikuwa mgonjwa, mumewe Sayyidna Uthman aliachwa Madina amuuguze, na akafariki siku zile zile habari za Badr zinaingia mjini. Baba aliyetoka kumpoteza binti yake ndiye aliyewaongoza watu kwenye Eid ya kwanza. Kwa hiyo wewe unayeona haya kufurahi, Eid haikuja kwa watu waliokuwa hawana msiba, ilikuja kwa watu kama sisi hivi hivi, wengine machozi hayajakauka.

Na kuna watu huwa wanasema ukiwa na imani huogopi. Mimi hilo silikubali, na sidhani kama dini yetu inalisema. Miaka mitatu baada ya Badr, mwaka wa 5, Madina ilizungukwa, makabila yalikusanyika watu kama 10,000, baridi kali, njaa, watu wanachimba handaki usiku na mchana kufuatana na shauri la Salman al-Farsi. Qur'ani ilipokuja kueleza hali ile kwenye Suratul Ahzab haikusema kwamba walikuwa wametulia tuli, imesema macho yalikodoka na nyoyo zikapanda kooni, na waumini wakatikiswa mtikiso mkali. Waumini hao! Maswahaba! Sasa wewe mwenzangu na mimi, tukitikiswa tujione tumekufuru?

Na kinachonigusa zaidi ni kwamba khofu ile hatukuiacha nyuma, tumeiweka ndani ya Eid yenyewe. Zile takbira tunazoleta kuanzia usiku wa kuamkia Eid, tukifika pale "wa hazamal ahzaba wahdah", akayashinda makundi peke yake, ni makundi yale yale ya siku za handaki. Wengi tunapita hapo kwa sauti nzuri tu bila kuwaza. Safari hii ukifika hapo punguza kasi kidogo, ujue unaimba pamoja na watu ambao mioyo yao iliwahi kufika kooni wakapita.

Sasa nizungumzie hili la habari, maana nadhani ndipo tunapoumia kuliko pengine popote na wala hatujui. Unaamka saa tisa usiku, mkono unaifuata simu kabla macho hayajafunguka vizuri, unakuta meseji 200 kwenye grupu, klipu ya moshi, sauti ya mtu analia, mwingine ameandika "fowadi kwa haraka", na kabla hujajua klipu ni ya lini wala ya nchi gani wewe tayari umeshaituma kwa watu kumi, na kati ya hao kumi yupo mama mmoja ana presha na mtoto wake yuko huko huko. Marekani mwaka 2013, baada ya mabomu ya kwenye mbio za Boston, watafiti walikuta watu waliokuwa wanafuatilia habari za tukio lile saa 6 au zaidi kwa siku, kwa wiki nzima, walionyesha dalili za msongo mkali kuliko hata watu waliokuwepo pale pale mabomu yalipolipuka. Hebu lisome tena hilo. Aliyekuwepo, na aliyekuwa anaangalia tu kwenye kioo bila kupumzika, na huyu wa kioo ndo kaumia zaidi rohoni.

Qur'ani ililigusa hili zamani sana, katika Suratun Nisaa, aya ya 83, inawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu wanalitangaza pale pale, badala ya kulirudisha kwa wenye kujua walichunguze. Na kuna ile habari ya Anas bin Malik ambayo mimi naipenda mno. Usiku mmoja watu wa Madina walishtuka kwa sauti kubwa, wakatoka mbio kuielekea, na wakiwa njiani wakakutana na Mtume (s.a.w.) anarudi. Yeye alishawahi kwenda, peke yake, juu ya farasi wa Abu Talha, farasi hana hata tandiko, upanga unaning'inia shingoni, na anawaambia msiogope, msiogope. Yaani alikwenda kwanza akaona kwa macho yake kuna nini ndipo akasema neno, na neno lenyewe likawa la kutuliza watu. Naomba sana sana kwenye magrupu yetu tuwe na mtu wa namna hiyo. Mmoja tu anatosha, anayeangalia kwanza, anayeuliza hii klipu imetoka wapi, halafu ndo aseme.

Na hapa nafika kwenye kitu hasa nilichotaka kuwaambia, ndo kilichonifanya nikae niandike.

Swala ya khofu. Wengi tumeisoma madrasa tukaipita kwa sababu tuliona ni mambo ya zamani ya vitani. Imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 102, na imepokewa kwa namna kadhaa, ila chukua ile iliyopokewa ya vita vya Dhatur Riqaa. Adui yuko upande ule. Kundi moja linasimama nyuma ya Mtume (s.a.w.) kuswali, kundi lingine linasimama na silaha limemwelekea adui. Anaswali na lile la kwanza rakaa moja, kisha anabaki amesimama, haendelei, anawasubiri wajikamilishie rakaa yao ya pili wenyewe, wanatoa salamu, wanainuka wanakwenda kushika nafasi ya wenzao. Wale waliokuwa ulinzini ndo wanakuja sasa, anaswali nao rakaa iliyobaki, halafu anabaki amekaa kitako anawangoja mpaka wamalize yao, ndipo anatoa salamu pamoja nao.

Mimi nikiitazama picha hiyo nashindwa kuacha kuwaza juu yake. Vita havikusimama ili watu wapate utulivu. Hakuna aliyesema tusubiri mpaka hali iwe shwari ndo tutasujudu. Lakini pia hakuna aliyesujudu kwa kujifanya adui hayupo. Mtu aliweka paji lake la uso kwenye udongo kwa sababu mwenzake alikuwa amesimama macho wazi kwa ajili yake, na alipomaliza akaenda kusimama yeye ili mwenzake naye asujudu. Utulivu ulikuwa unapokezanwa. Na safari ile ile, anasimulia Abu Musa al-Ash'ari, walikuwa watu sita wanapokezana ngamia mmoja, miguu imechanika, kucha zimetoka, wamejifunga matambara miguuni. Hata kupumzika kwa miguu kulikuwa kwa zamu.

Sisi siku hizi tunautafuta utulivu kila mtu kivyake. Kila mtu na simu yake, kila mtu anakesha na khofu yake, nyumba nzima iko macho na hakuna anayemlinda mwenzake. Mume anasoma habari upande huu wa kitanda, mke upande ule, na wote wawili kila mmoja anadhani mwenzake kalala. Kwa nini tusigawane? Leo mimi nitafuatilia, wewe zima simu lala, kukiwa na jambo la kweli nitakuamsha, wallahi nitakuamsha. Kesho ni wewe. Na yule dada ambaye kaka yake hapatikani, badala ya kumwambia subira tu (subira anaijua, alikuwa nayo kabla yako), mwambie dada nipe namba yake, mimi nitakuwa napiga kila baada ya saa moja mpaka magharibi, wewe nenda kaoge, kaswali, kaa na watoto. Hiyo ndo kumsimamia mtu safu.

Na watoto wasikabidhiwe zamu hiyo, ni wadogo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia mtoto analia anafupisha swala kwa kumwonea huruma mama yake, sasa sisi tunashindwaje kuzima televisheni mtoto akiwa sebuleni? Akiuliza mjibu ukweli kwa kadiri ya umri wake, mkae karibu, basi. Na wewe mwenyewe ukiona kifua kinabana, rukuu yako na sujudu yako usizifanye za kukimbizwa, acha kila kiungo kitue mahali pake, toa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua kasi pale unapotoa pumzi nje, Allah ametuumba hivyo.

Ukiwa salama Eid hii, basi wewe ndo lile kundi lililosimama. Usijione na hatia kwa usalama wako, ila usiutumie peke yako. Zakatul fitri imewekwa itoke kabla ya swala ya Eid, na hata mtoto mchanga anatolewa, ili na asiye na kitu naye awe na siku. Ambaye amechelewa aharakishe kabla imamu hajasimama. Na ukishatoka kuswali mpigie simu mtu mmoja ambaye unajua nyumbani kwake hakuna anayecheka leo, ongea naye hata dakika tano, msikilize, usimpe hotuba.

Na nyinyi mlio ndani ya moto, sina maneno makubwa ya kuwapa. Kama mwaka huu hamkuweza kuswali Eid uwanjani, kama mmeswalia ndani mkiwa mmekaa mbali na madirisha, kama takbira mmeileta kwa sauti ya chini ili msisikike, Allah ameisikia. Laleni leo kama mtaweza. Usiku wa kuamkia Badr Allah aliwateremshia Maswahaba usingizi ukawa ndo amani yao, imo katika Suratul Anfal, nami nimekuwa nikiwaombea usingizi huo huo, tena kwa majina kwa wale ninaowajua.

Ya Rabbi wape usalama walio vitani, warudishe waliopotea, warehemu waliotangulia, waponye majeruhi, wahifadhi madaktari na manesi walioko kazini siku ya Eid, na wazibe midomo wanaochochea. Kullu aam wa antum bikhayr.

Na mwenye ndugu asiyepatikana aniandikie jina lake la kwanza tu, nimtaje kwenye dua. Na kama unahitaji mtu wa kukupigia simu ili wewe upumzike, niambie pia, leo na kesho niko nyumbani.