Koa wa baharini au mtoto wa jongoo?

Ndugu Mhariri,

Nafuga samaki wa maji chumvi nyumbani Mombasa. Nawaomba wajuzi wa viumbe vya pwani wanisaidie kumtambua mgeni aliyeingia kwenye tangi langu, nadhani alikuwa amejificha katika jiwe la tumbawe lenye sifongo nililonunua majuzi.

Anatoshana na kidole gumba. Ni mweusi, mgongoni ana matuta ya samawati iliyofifia toka kichwani hadi nyuma, na kila kinundu kina ncha ya njano. Mchana haonekani.

Mpwa wangu ameshikilia kuwa ni mnyoo bapa, eti koa wa baharini lazima awe na matamvua yaliyochanua mgongoni kama ua, na huyu hana. Hilo silikubali: koa wa jamii ya Phyllidia matamvua yao yako chini, kandokando ya mguu, ukiwatazama kwa juu huyaoni. Jirani yangu mvuvi naye asema ni jongoo bahari mchanga. Hapo ndipo nilipokwama, maana watoto wa jongoo aitwaye Pearsonothuria graeffei huiga rangi hizihizi ili samaki wawaogope.

Usiku mmoja alipanda kioo, nikammulika kwa tochi. Chini ni laini, kijivu, na mstari mweusi katikati. Vijiguu vya jongoo sikuviona. Mbele kama kuna pembe mbili za njano, ila kwa vinundu vyote vile siwezi kuapa. Mimi naona ni Phyllidia varicosa. Je, mstari huo unatosha, au kuna alama nyingine ya kutazama?

Haraka yangu ni kwamba koa huyo akisumbuliwa hutoa ute wenye sumu, ambayo huipata kwenye sifongo anazokula, na ndani ya tangi ute huo huweza kuua samaki. Nina kangaja wawili ninaowapenda mno, kwa hiyo sijamgusa. Lakini sifongo zikiisha atakufa kwa njaa, na akiozea humo sijui itakuwaje.

Nimewaza kulitumbukiza jiwe zima kwenye ndoo, humohumo majini, akiwa juu yake. Kuna aliyewahi kufanya hivyo akasalimika? Na je, nimrudishe baharini, au kwa kuwa amekaa na samaki wa dukani nitapeleka maradhi mwambani?

Msomaji wenu,
Mombasa