Salim, usizigawe raketi zako

Nairobi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salim,

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa kibanda changu, raketi ya mteja iko kwenye mashine imetiwa nyuzi nusu, nikashindwa kurudi kazini. Habari za moyo wako nilikuwa nazo. Shemeji Mwanaisha alinipigia simu siku ulipotoka hospitali. Lakini hakuniambia kwamba daktari amekukataza kucheza tenisi kabisa, wala hakuniambia hili jingine, kwamba unataka kuzigawa raketi zako zote kwa vijana wa mtaani kwako, kwa sababu, kama ulivyoandika, mchezaji asiyecheza ni mti mkavu.

Pole sana, ndugu yangu. Tumejuana tangu tuna miaka kumi na miwili, na najua ulivyo siku unapokuwa na raketi mkononi na ulivyo siku unapoikosa. Sikuandikii kumpinga daktari. Msikilize, na dawa uzinywe kwa saa zake. Nakuandikia kuhusu hizo raketi, na kuhusu yule mtu wetu wa ukutani.

Unaikumbuka picha ile? Mwanachama mmoja wa klabu ya tenisi tuliyofanyia kazi aliliacha gazeti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wewe ukachana ukurasa ukauficha ndani ya shati, tukaubandika kwa uji kwenye ukuta wa stoo ya rola na chokaa. Arthur Ashe, mcheza tenisi mweusi wa Marekani, kashika kombe la Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga, lakini rangi ya ngozi yake haikuhitaji kusomwa. Sisi tulikuwa waokota mipira. Tuliruhusiwa kuuvuta rola, kumwagilia uwanja usitimue vumbi, kuchora mistari kwa chokaa, kukimbilia mipira ya wenyewe mpaka giza liingie. Kucheza hatukuruhusiwa. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini askari wa lango alikuwa na fimbo yake. Ndiyo maana tulikuwa tukiingia alfajiri, umande bado uko chini, na ile raketi moja ya mbao iliyokatika nyuzi nne. Nyuzi zile nilizifunga kwa katani. Ukapiga mpira wa kwanza, zikakatika tena, nikazifunga tena. Kazi inayonilisha leo ilianzia hapo.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba Arthur pia alikulia kwenye nyumba ya mtunza uwanja. Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943, na baba yake alikuwa msimamizi wa uwanja wa michezo wa watu weusi uitwao Brook Field. Nyumba yao ilikuwa humo humo uwanjani. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Mjini kwao palikuwa na viwanja vizuri vya tenisi katika bustani ya Byrd Park, lakini vilikuwa vya wazungu peke yao. Aliyemlea kimchezo ni daktari mmoja mweusi, Robert Walter Johnson wa Lynchburg, yule yule aliyemkuza Althea Gibson, mwanamke mweusi aliyeshinda Wimbledon kabla yake. Daktari Johnson aliwafundisha watoto aliowalea kimchezo kwamba mpira wa mpinzani ukitoka nje kidogo tu ya mstari, uucheze kama umeingia, na mwamuzi usibishane naye. Alijua watakwenda kucheza mahali ambapo watu wanasubiri kisingizio cha kuwafukuza. Nikilifikiria hilo, namwona askari wetu wa lango.

Mwaka 1968 Arthur alishinda mashindano ya wazi ya Marekani akiwa luteni jeshini, mchezaji wa ridhaa. Kwa sababu hiyo hakupewa zawadi ya fedha. Tom Okker wa Uholanzi, aliyeshindwa na Arthur kwenye fainali, ndiye aliyeondoka na dola 14,000, Arthur akalipwa posho ya dola 20 kwa siku. Wakati wa kukabidhiwa kombe, baba yake alilia mbele ya watu wote, naye akamkumbatia. Mwaka 1970 akachukua ubingwa wa Australia. Mwaka huo huo alizunguka Afrika pamoja na Stan Smith, akapita Kenya na Tanzania. Mzee aliyekuwa akichunga viwanja vyetu alisema alimwona kwa macho yake, na sisi hatukuchoka kumwuliza alivyotembea.

Lakini ninalotaka ulikumbuke ni ile fainali ya Wimbledon ya 1975. Nimekusimulia mara nyingi, na leo nakusimulia tena kama fundi wa nyuzi. Mpinzani wake, Jimmy Connors, alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi, hakuwa amepoteza hata seti moja tangu mashindano yaanze. Raketi yake ilikuwa ya chuma, Wilson T2000, ambayo mpira ukiipata katikati hutoka kama jiwe la manati. Mtu kama huyo ukimpigia kwa nguvu umemlisha. Anazichukua nguvu zako anakurudishia zikiwa na za kwake juu. Arthur alikuwa mpigaji wa nguvu maisha yake yote, walikuwa wamekutana mara tatu, na mara zote tatu alikuwa ameshindwa.

Siku ile, Julai 5, alikuwa amebakiza siku tano atimize miaka 32. Akaingia uwanjani, mchezo wake wote uliomfikisha pale akauacha nje. Alimkatia Connors mipira ya polepole, ya chini, isiyo na uzito wowote, akimlenga mkono wa mbele aliojua haupendi mpira wa magotini. Connors akisogea wavuni, mpira unampita juu ya kichwa. Servisi, mipira ya kuanzishia, alizikata kwa pembeni zikamvuta nje kabisa ya mistari. Kila walipobadilishana upande, aliketi kitini, akafumba macho, akatulia. Seti ya kwanza 6-1. Ya pili 6-1.

Halafu Connors akaamka. Seti ya tatu akaichukua 7-5, na kwenye ya nne akatangulia 3-0. Hapo, Salim, ndipo mimi na wewe tungerudi kwenye tunachokijua. Mkono unawasha, unataka kupiga kwa nguvu ili umalize. Yeye hakurudi. Aliendelea na mipira yake ile ile ya polepole, akaishinda seti ile 6-4, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja. Watu hukumbuka kombe. Mimi nakumbuka 3-0. Naona mchezaji mwenyewe alionekana pale, mkononi hana silaha yake ya siku zote na bado anacheza.

Miaka minne baadaye moyo ukamwangusha. Ilikuwa Julai 1979, miaka 36, mtu mwembamba, mwenye mazoezi, anacheza na vijana. Kwa wazazi wake ugonjwa wa moyo haukuwa mgeni. Desemba akapasuliwa kifua, mishipa minne ikatengenezewa njia mpya, akaamini atarudi uwanjani. Machi 1980 alikuwa Cairo na mkewe Jeanne. Akatoka kukimbia kidogo, na kabla hajafika mbali kifua kikambana. Akageuka, akarudi alikotoka. Mwezi uliofuata akatangaza kwamba ameacha.

Nimelisoma tena hilo baada ya barua yako, ulipoeleza ulivyosimama katikati ya mlima wa kutoka kwenye feri Likoni, umeshika chuma cha pembeni, watu wanakupita, nawe unaona haya kumwomba mtu msaada. Naye alisimama hivyo barabarani Cairo.

Sasa angalia alichofanya. Mwaka 1981 alikuwa nahodha wa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa, nahodha asiyecheza. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti pembeni ya uwanja, kutazama, na kusema maneno machache mchezaji akija kunywa maji. Na wachezaji wenyewe mmoja wao ni John McEnroe, mtu wa kuwafokea waamuzi na kuvunja raketi! Aliteseka naye, maana yeye alikuwa mwanafunzi wa Daktari Johnson. Hata hivyo walichukua kombe mwaka 1981 na 1982, yeye akiwa kitini.

Na macho yake yalikuwa yakifanya kazi hiyo tangu zamani. Mwaka 1971 alipita Yaoundé, Kamerun, akaona mtoto wa miaka 11 anavyopiga mpira. Akamwachia raketi, akawaambia wakubwa wa tenisi ya Ufaransa wamtazame mtoto huyo. Ni Yannick Noah. Mwaka 1983 Noah alimshinda Mats Wilander na kuchukua ubingwa wa Ufaransa. Wewe na mimi tulisikia habari ile redioni tukiwa kwenye kibanda cha chai, ukamwaga chai yako. Mpira wowote alioupiga Arthur mwenyewe, mimi naupima na raketi ile aliyoitoa mkononi mwake.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kukuandikia. Mwaka ule ule wa 1983 alipasuliwa moyo mara ya pili, na katika damu aliyoongezewa mlikuwa na virusi vya ukimwi. Alikuja kujua mwaka 1988, mkono wa kulia ulipokufa ganzi. Akanyamaza na familia yake mpaka Aprili 1992, gazeti lilipopata fununu, akaamua kusema mwenyewe mbele ya waandishi. Alisoma karatasi yake vizuri mpaka alipofika kwenye jina la binti yake mdogo, Camera. Sauti ikamkwama, mkewe akasogea akamsomea.

Unakumbuka mwaka ule ulivyokuwa hapa Nairobi. Nilikuwa nimemzika kaka yangu mwaka uliotangulia. Matangani kila mtu alisema malaria, nikasema malaria na mimi. Hata wewe nilikuambia malaria. Halafu nikasikia mtu huyu wa ukutani kwetu amelitaja jina la ugonjwa kwa mdomo wake, nikatoka nje ya chumba nikakaa kwenye ngazi. Nilimlilia kaka yangu siku ile kuliko siku ya mazishi. Miezi iliyobaki Arthur aliitumia kuchangisha fedha za kupambana na ukimwi. Septemba alikamatwa na polisi nje ya Ikulu ya Marekani akiandamana kuwatetea wakimbizi wa Haiti, moyo ule mbovu, mwili ule umechoka. Alifariki Februari 6, 1993, miaka 49, wakamzika Richmond kando ya mama yake.

Basi nirudi kwenye raketi. Ule wavu wa jarife ulionitumia kutoka Mombasa bado uko pale kwenye uwanja wa saruji hapa Eastlands, nimeushonea utepe mweupe juu. Jumamosi wanakuja watoto kumi na wanne, mara nyingine ishirini. Tangu Angella Okutoyi wa hapa kwetu Kenya aliposhinda taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, wasichana ndio wengi. Kuna mmoja wa miaka kumi na mmoja, anatumia mkono wa kushoto, kila mpira anaupiga kama ana ugomvi nao. Mguu wa mbele unachelewa, bega linafunguka mapema, naye haoni. Mimi naona kuna kasoro lakini sijui nimwambie nini. Nyuzi nazijua. Jicho la kumtazama mtoto na kumwambia neno moja likamkaa unalo wewe, na hilo daktari hakulikataza. Nimemwambia kuna mzee Mombasa anapiga kama yeye. Kila Jumamosi ananiuliza, "Babu wa Mombasa anakuja lini?"

Kiti kipo, cha mbao, chini ya mwarobaini. Muulize daktari kama unaruhusiwa kusafiri kwa treni, na kama baridi yetu ya huku juu haitakudhuru. Akikubali, njoo wiki mbili. Shemeji aje pia, mke wangu ameshaanza kupanga chumba.

Ile raketi uliyoniachia Desemba nimeimaliza jana. Nyuzi za wima nimezikaza kwa pauni 50 badala ya 56 uliyozoea, za mlalo 48, ili hata ukimrushia mtoto mpira ukiwa umeketi usiulazimishe mkono. Matundu mawili ya juu plastiki yake ilikuwa imepasuka, nimeibadilisha. Ngozi ya mshiko ilikuwa imeliwa na jasho lako mpaka mbao inaonekana, nimeifunga mpya lakini ya zamani sikuitupa, iko ndani ya mfuko pamoja nayo. Nimeipeleka ofisi ya basi leo mchana. Itakuwa Mwembe Tayari Jumanne asubuhi, mtume kijana akuchukulie, wewe usiende kubeba.

Nisalimie watoto, na unijibu kabla ya Ramadhani.

Nduguyo,
Musyoka