Wito wa Harambee: Bweni la Wasichana 72 Kando ya Mto Tana

Ndugu zetu mlio Hola, Garsen, Malindi, Mombasa na Nairobi. Vijana wetu mlioko Doha, Jeddah na Muscat. Wazee wa msikiti na wa kanisa. Na kila aliyewahi kuketi kwenye dawati la shule hii: Assalamu alaikum, na Bwana asifiwe.

Tunaomba shilingi 5,560,000. Ni za kujenga na kumaliza bweni la wasichana 72 katika shule yetu ya sekondari ya kutwa, kando ya Mto Tana kati ya Hola na Garsen. Kazi yote imekadiriwa shilingi 6,800,000. Akaunti ya shule ina 1,240,000, na karibu zote zimetoka kwa wazazi wa hapa hapa: wakulima waliotoa mia mbili mia tatu baada ya kuuza maembe, na wafugaji walioleta mbuzi wakauzwa mnadani. Mchanga tumeuchota mtoni wenyewe. Msingi umeshachimbwa. Kilichobaki ni kile ambacho mkulima na mfugaji wa huku hawezi kukichota popote: sementi, nondo, mbao, mabati, vitanda na ujira wa fundi.

Swali la kwanza tunaloulizwa kila tukitaja bweni ni hili: shule ni ya kutwa, mnajenga bweni la nini? Ni swali la haki, na anayeliuliza kwa kawaida ametoka mahali ambapo kutwa maana yake ni kutwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River, na kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Gawanya mwenyewe: watu hawafiki 10 kwa kilomita moja ya mraba. Kaunti ya Vihiga ina zaidi ya 1,000. Vihiga mtoto akichelewa kuamka, atakimbia na bado atawahi paredi. Huku kwetu kuna wasichana wanaotoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, na wengine nyumba zao ziko ng'ambo, kwa hiyo safari inaanza na mtumbwi. Mto una mamba na viboko. Masika yakishika, hakuna mtumbwi wala njia.

Mzazi anayeona hatari hiyo hufanya moja kati ya mambo matatu. Anamwacha binti nyumbani. Au anampangia chumba sokoni karibu na shule, akae peke yake na umri wake wa miaka 15, apike, asome, ajilinde. Au anamwambia mwenye boda boda amchukue na pesa zitalipwa mwisho wa mwezi. Hili la tatu tulitaje bila kupepesa macho, kwa sababu kwenye mikutano ya wazazi huwa linazungukwa: mwenye boda anayembeba msichana kwa mkopo mwezi baada ya mwezi hakopeshi bure. Wasichana wetu wengi walioacha masomo hawakuacha kwa sababu ya hesabu au kemia.

Swali la pili ni zito zaidi. Je, si kazi ya serikali? Ni kazi ya serikali. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na kisheria sekondari imo, ya bure na ya lazima, na sisi wa kamati hatutaki mtu yeyote atoe mchango wake akidhani kwamba tumeisamehe serikali deni hilo. Lakini ni vizuri mjue pesa za umma zinatembea vipi, ili muone kwa nini bweni hili halikujengwa miaka yote hii.

Tuanze na pesa za masomo. Tangu 2008 sekondari za kutwa zimetangazwa kuwa bila karo, na kiwango kilichowekwa na serikali ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ni hizo hizo Kiambu, hizo hizo Kisii, hizo hizo hapa, na kwenye karatasi hakuna aliyeonewa. Sasa zihesabu kwa shule. Shule yenye wanafunzi 1,200 hustahili zaidi ya milioni 26. Sisi tuna wanafunzi 140, yaani milioni tatu na kidogo, na mara nyingi hazifiki zote wala hazifiki kwa wakati. Mlinzi ni mmoja kule na mmoja huku. Maabara ni ile ile. Gari la kuleta vitabu linachoma mafuta mengi zaidi kufika kwetu kuliko kwao. Pesa zinagawanywa kwa vichwa, na umbali hauna kichwa. Za kulala, kwa wale wanaolala, ni za mzazi.

Kisha kuna kaunti. Wengi wenu mmetuuliza kwa nini gavana hajengi. Katiba, katika jedwali lake la nne, imezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari imebaki kwa serikali kuu, Nairobi. Mwakilishi wa wadi akitaka kutuwekea bweni kwenye bajeti, mkaguzi wa hesabu ana haki ya kumuuliza kwa sheria gani.

Na kuna Hazina ya Usawazishaji, ambayo ndiyo iliyotupa matumaini makubwa kuliko yote. Kifungu cha 204 cha Katiba kinaagiza nusu asilimia ya mapato ya taifa ya kila mwaka iwekwe kando kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa miaka 20 tangu Katiba ianze kufanya kazi. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti 14 zilizotengwa, Tana River ilikuwemo, pamoja na majirani zetu Garissa, Lamu na Kilifi. Baadaye hesabu ikageuzwa, zikatajwa sehemu ndogo ndogo 1,424 katika kaunti 34. Zikaja kesi na mivutano juu ya nani azishike pesa hizo, na miaka ikayoyoma. Mwisho wa ile miaka 20 ni 2030, isipokuwa Bunge liongeze muda. Lakini hata zingekuja zote leo asubuhi, kifungu kimetaja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Shule haimo.

Kwa hiyo bweni letu linaangukia katikati ya mifuko yote hiyo. Hakuna mtu mbaya aliyekaa akapanga msichana wa ng'ambo ya mto asisome. Kila ofisi ukienda inakujibu kwa adabu na inakuonyesha kifungu chake.

Chanzo cha haya ni cha zamani. Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya ilitoa waraka wake wa sera nambari 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Waraka ule ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo zitiliwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme tayari, na penye watu walio wepesi kupokea maendeleo. Faida yake ndiyo ingekuja kusambazwa kwingine. Wazee wetu wangali wanaisubiri. Na tuseme ukweli ambao huenda hautapendeza katika barua kama hii: harambee yenyewe ilikuwa na mkono katika jambo hilo. Miaka ya sitini na sabini, wenye kahawa na chai walichanga haraka, wakajenga shule nyingi, kisha serikali ikawapelekea walimu. Wenye ng'ombe waliokuwa wakifa kwa ukame walichanga kidogo, wakajenga kidogo, wakapata walimu wachache. Mwenye nacho akaongezewa. Tunawaomba mchango tukijua hivyo, na ndiyo maana tunautaka utoke pia kwa walio mbali na mto huu, wala usibaki mzigo wa maskini kumchangia maskini.

Ripoti ya umaskini ya Shirika la Taifa la Takwimu ya mwaka 2022 inaonyesha karibu watu wanne kati ya kumi nchini Kenya wako chini ya mstari wa umaskini. Kwetu ni karibu theluthi mbili. Na huu ndio mto mrefu kuliko yote nchini. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: mabwawa matano juu yake yanawasha taa za nchi, na sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye mto unaoingia Tana hii hii. Mvua zikizidi huko juu na mabwawa yakajaa, tangazo hutoka redioni kwamba watu wa bonde la chini wahamie mahali pa juu. Mwaka 1997 tulihama. Mwaka 2018 tulihama. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 tulihama, vitabu vichwani. Anayesoma barua hii kwa taa ya umeme ana uhusiano nasi, hata kama hajawahi kufika Garsen.

Sasa kuhusu jengo lenyewe, maana pesa za watu zinataka maelezo. Sakafu itainuliwa juu ya alama ya maji ya Elnino ya 1997, ambayo wazee wametuonyesha kwenye mwembe mkubwa wa shule. Hapo ndipo gharama inapopanda. Karibu robo ya pesa zote itazama kwenye msingi na kifusi, na hatuwezi kupunguza. Milango itakuwa mitatu, miwili ya mwisho na mmoja wa dharura katikati, yote ikifunguka kwa nje. Madirisha hayatakuwa na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kutakuwa na nafasi ya mita 1.2 kama mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu unavyotaka. Kuna mzazi aliyesema tukibananisha vitanda tutalaza wasichana 100. Tulimkatalia. Moto wa bweni Machakos mwaka 2001 uliua wavulana 67, na Nyeri mwaka 2024 wengine 21. Hatujengi kitu tutakachokuja kukililia.

Mfuko wa sementi hadi kufika hapa ni shilingi 900. Bati moja ni 1,400. Kitanda cha deka pamoja na magodoro yake mawili ni 21,000, na tunahitaji 36. Darasa mnaotaka kuchanga kwa jina la mwaka wenu mliomaliza, chukueni vitanda. Ni rahisi kuhesabu na majina yenu yataandikwa ubavuni. Mwenye mashine ya kufyatua matofali atuazime kwa mwezi mmoja, ni mchango mkubwa kuliko anavyodhani. Waashi wa hapa wawili wameshaahidi siku kumi za kazi bila malipo.

Pesa zote ziende kwenye akaunti ya shule, kwa nambari iliyo kwenye kadi ya mchango yenye muhuri wa mwalimu mkuu. Asipewe mtu mkononi, hata awe mjumbe wa kamati, hata awe mimi. Watia saini ni watatu: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi na mama mmoja aliyechaguliwa na wazazi wa ng'ambo. Hesabu itabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi, na itasomwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili inayofuata. Tumekubaliana pia kwamba hakuna atakayetumwa nyumbani kwa watu kuwashurutisha. Mjane anayeishi kwa shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wasiojiweza, asiandikiwe ahadi.

Mgeni wa heshima hatuna. Rais alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee mwezi Julai 2024, na kusema kweli tumepumua: hakuna kusubiri msafara hadi saa tisa, hakuna bahasha inayotangazwa kubwa na kufika ndogo. Waheshimiwa tutakutana nao kwingine. Mkutano wa maoni ya umma kuhusu bajeti ukiitishwa, tunawaomba wazazi mje kwa wingi na swali moja: serikali itaanza lini kuhesabu umbali inapogawa pesa za shule? Kamati imeshaandika pendekezo kwamba shule za maeneo yenye watu wachache zipewe fungu la malazi juu ya lile la kila kichwa. Atakayependa kulisoma, kulisahihisha au kulitia saini, nakala iko ofisini kwa karani. Mlio ughaibuni mtatumiwa kwenye simu.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, uwanjani kwa shule, kuanzia saa tatu asubuhi. Kutakuwa na mnada wa mbuzi, kuku na maembe ya achari, na akina mama wa Kipokomo na wa Kiorma watapika pamoja. Wanaotoka Malindi au Hola washuke kituo cha boda boda kwenye lami. Vijana wetu wenye fulana za shule watawaelekeza. Wa ng'ambo, mitumbwi itakuwa ikivusha tangu saa kumi na mbili alfajiri hadi saa kumi na moja jioni, na nauli siku hiyo imelipwa na kamati. Watoto wavuke wakiwa na mtu mzima.

Katibu, Kamati ya Ujenzi wa Bweni