Kupakia kunakubali, kupakua kunaganda: tatizo la GridFTP kwenye programu za Java

Simu tunayopigiwa zaidi kuhusu GridFTP, itifaki ya kuhamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta, huanza hivi: "Jana tulipakia mafaili kwenye seva bila shida. Leo tunayapakua, programu inaingia vizuri, halafu inaganda kwenye baiti sifuri." Kufikia hapo mteja ameshatengeneza cheti cha wakala, yaani kitambulisho cha muda cha kuingilia kwenye seva, upya mara mbili au tatu. Tunamwomba asikiguse tena cheti chake. Kama ameingia, cheti kimeshafanya kazi yake.

GridFTP imejengwa juu ya FTP, itifaki kongwe ya kuhamisha mafaili iliyoelezwa kwenye waraka wa kiufundi RFC 959 wa mwaka 1985, na imerithi njia zake mbili. Njia ya amri hupita poti 2811: hapo ndipo unapojitambulisha na kuagiza. Mafaili yenyewe hupita njia nyingine, inayofunguliwa kwenye poti tofauti kila safari. Ukitumia mikondo kadhaa sambamba ili kuharakisha kazi, itifaki inaweka sharti: anayetuma data ndiye anayefungua muunganisho. Unapopakia, mtumaji ni wewe. Unatoka nje, na ukutamoto wako (kizuizi kinachochuja miunganisho ya mtandao) hauna neno. Unapopakua, seva ndiyo inayokuja kukugongea, na ukutamoto unaifungia mlango kimyakimya. Hakuna ujumbe wa kosa. Ni kusubiri tu.

Kwa wanaotumia jGlobus, maktaba huria ya Java ya kutumia GridFTP, iliyotokana na maktaba ya awali, Java CoG Kit, sisi huanza na dawa nyepesi: rudisha hali ya mkondo mmoja, uiache seva isubiri na programu yako ndiyo iunganishe. Kasi inapungua, lakini kwa mafaili ya kawaida hutaona tofauti kubwa. Kwa mafaili mazito, fungua safu ndogo ya poti kwenye ukutamoto na uiandike safu hiyohiyo kwenye mipangilio ya maktaba. Na kama mafaili yanakwenda seva nyingine, usiyapitishe kwako kabisa. Programu yako izielekeze seva mbili zipeane zenyewe. Hii ndiyo njia tunayoipenda, maana hata kompyuta yenye mtandao dhaifu inaweza kusimamia uhamishaji mkubwa sana.

Njia hizo mbili zina jambo jingine, na hili linatuhangaisha kuliko kuganda. Wateja wengi wanaamini kwamba wakishaingia kwa cheti, kila kitu kimesimbwa. Sivyo. Kwa kawaida njia ya amri inalindwa, na njia ya data inathibitisha nani yuko upande wa pili, lakini yaliyomo kwenye faili husafiri wazi mpaka uagize vinginevyo. Kwenye jGlobus agizo hilo ni setDataChannelProtection, nalo huitwa kabla ya kuanza kuhamisha. Kiwango cha faragha husimba kila kitu na kula nguvu ya kichakato. Kiwango cha usalama huhakikisha tu kwamba data haikubadilishwa njiani. Kama mafaili yana taarifa za wagonjwa au za mishahara, chagua faragha hata kasi ikishuka. Hapo hatuna mjadala.

Kuhusu umri wa vifaa hivi: msaada rasmi wa Globus Toolkit, mkusanyiko wa programu wenye seva ya GridFTP, ulikoma Januari 2018, na jumuiya ya watumiaji inauendeleza mkusanyiko huo kwa jina la Grid Community Toolkit. Msimbo wa jGlobus uko wazi chini ya leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo mtu anaweza kuufungua na kuurekebisha, nasi tumefanya hivyo kwa wateja kadhaa. Anayeanza mradi mpya leo tunamshauri atazame kwanza uhamishaji kwa HTTPS, unaopita poti moja tu.

Ukituandikia, tueleze mwelekeo wa uhamishaji, idadi ya mikondo, na mahali faili linapoganda. Ambatanisha kumbukumbu (logi) za njia ya amri. Muda wa cheti cha wakala utaje pia, kwani wengi wana cha saa 12 na kazi zao huchukua siku nzima. Ufunguo wa siri usitutumie kamwe, hata tukiuomba.