Chuma cha bampa kisivuliwe kwenye gari la barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya magari ya kasi yanayopunguzwa uzito. Habari za viti, rimu na ekzosi mlizieleza vizuri. Kisha ikaja sentensi moja, tena ya kusifu, kwamba mwenye gari amevua pia chuma cha bampa mbele na nyuma, na mwandishi akaendelea na mengine. Mimi ni fundi wa bodi. Kazi yangu ni kunyoosha magari yaliyogongwa, na sentensi ile imenikaa kooni.

Watu wengi wakisema bampa wanamaanisha ile plastiki iliyopigwa rangi. Ile ni kava tu. Ukiivua unakuta sponji ngumu, na nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma au aluminiamu inayolala kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Boriti hiyo, ambayo mafundi tunaiita chuma cha bampa, hufungwa kwa bolti kwenye vikopo viwili vilivyoundwa makusudi vijikunje. Vikopo navyo vimeshika ncha za reli mbili za chesisi zinazopita ubavuni mwa injini. Gari likigonga, kila kimoja kina zamu yake: sponji inabonyea, boriti inapinda, vikopo vinajikunja, na reli zinafuata. Kazi yote hiyo ni kuimaliza nguvu kabla haijafika kwenye miguu ya dereva. Aliyelifikiria jambo hili mapema ni mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz, aliyepewa hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1952, na gari la kampuni hiyo la W111 la mwaka 1959 likajengwa kwa wazo hilo: pua ya gari iumie, chumba cha abiria kisalimike.

Najua kwa nini vijana wanakivua. Chuma cha mbele kinakaa mbali kabisa na ekseli, kwa hiyo kilo zake zinaifanya pua iwe nzito kuingia kwenye kona kuliko kilo zilezile zikiwa katikati ya gari. Hilo ni kweli na silibishi. Magari mepesi nayapenda mimi mwenyewe. Lakini tupige hesabu. Tuseme boriti ina kilo 5 na gari lina kilo 1,300. Umepunguza chini ya nusu asilimia ya uzito. Gari lililokuwa likifika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 6 litapata nafuu ya kama sehemu mbili za mia za sekunde. Hakuna dereva wa barabarani anayeweza kuihisi. Petroli lita 25 ina uzito wa zaidi ya kilo 18, kwa hiyo anayetembea na nusu tangi amepunguza uzito mara tatu ya huyo aliyevua chuma, na usalama wake ameuacha ulivyokuwa.

Tazama sasa upande wa pili wa mizani. Gari hilohilo la kilo 1,300 likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa linabeba nishati ya takriban jouli 125,000. Likiwa kwenye kilomita 100, nishati haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Lazima iende mahali. Na ajali nyingi za mbele hazigongi pua nzima, zinagonga upande mmoja. Ndiyo maana majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, tangu 1997 hadi 2020 yaligongesha magari kwa kilomita 64 kwa saa, ukuta ukikamata asilimia 40 tu ya upana wa gari. Katika mgongano wa namna hiyo ndipo boriti inapoonyesha thamani yake, kwa sababu inaivuta reli ya upande wa pili ije isaidie. Bila boriti, reli moja inabeba mzigo wa mbili, au inakwepeshwa pembeni na gurudumu linasukumwa kwenye pedali.

Kuna gari moja la milango miwili lililetwa kwetu baada ya kugonga mgongo wa gari lililosimama kwenye foleni. Ukilitazama kwa mbali ungesema ni kazi ndogo. Plastiki ilikuwa imerudi karibu mahali pake, na ufa ulionekana chini ya namba tu. Tulipoivua kava, kondensa ya kiyoyozi ilikuwa imekunjika katikati, rejeta imesukumwa hadi feni ikabana kwenye injini, na reli ya kushoto imepinda kuelekea ndani kwa kukosa kitu cha kuishikanisha na mwenzake. Kwenye ncha za reli matundu ya bolti yalikuwa safi, rangi yake haina hata mchubuko. Mtu alikaa na spana akafungua kila kitu kwa utaratibu. Tukataka kulivuta gari hilo, tukatafuta pa kufungia ndoano, hapakuwapo, kwa kuwa kwenye gari lile tundu lenye nyuzi za ndoano liko kwenye boriti yenyewe. Mwenye gari alikuwa amelinunua likiwa hivyo. Alichuchumaa pembeni yangu akauliza, "Fundi, kwani hapa palitakiwa pawe na kitu?"

Swali lile ndilo linalonifanya niandike. Kiti kikiondolewa kila mtu anaona. Chuma cha bampa kikiondolewa, kava inarudishwa, rangi inang'aa, na gari linauzwa kwa mtu atakayempakia mtoto nyuma. Aliyekivua alijua anachokifanya na kuikubali hatari yake. Mnunuzi hakuulizwa. Wala hakuulizwa anayevuka barabara, maana sponji inayotakiwa kupunguza kishindo kwenye mguu wake haina tena kitu cha kuegemea. Nchini Marekani kanuni za bampa zinalinda eneo la kati ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini, yaani kama sentimeta 41 hadi 51, ili magari mawili yakikutana bampa ikutane na bampa. Gari lisilo na chuma limejitoa katika makubaliano hayo kimyakimya.

Mifuko ya hewa nayo ina habari yake. Kompyuta inayoamua kuifyatua ilifundishwa na kiwanda kwa kuyagonga magari yenye boriti. Sensa za mbele mara nyingi zinakaa nyuma yake tu, na uamuzi unafanyika katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukiondoa boriti, umebadilisha mshindo ambao kompyuta inausubiri. Mfuko ukichelewa, uso wa dereva unakuwa umeshausogelea usukani.

Nasikia jibu kwamba magari ya mashindano hayana vyuma hivyo. Mengine hayana, sawa, lakini yana kizimba cha mabomba, mikanda ya ncha sita, kifaa cha kushika shingo, na waokoaji wanaosubiri pembeni na vizimamoto. Na tuangalie Formula 1, ambako wahandisi hawalali kwa ajili ya gramu. Pua ya gari la Formula 1 lazima ifaulu jaribio la kugongwa kabla gari halijaruhusiwa kushindana. Mwaka 2018 magari hayo yakaongezewa halo, tao la titani lenye takriban kilo 7 juu ya kichwa cha dereva. Tarehe 29 Novemba 2020 huko Bahrain, gari la dereva Romain Grosjean lilipasua uzio wa chuma likiwa na kasi ya kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Halo ikamkinga kichwa, akatoka kwa miguu yake. Kilo zile 7 zingekuwa zimekwanguliwa kama uzito ungekuwa ndiyo hoja pekee.

Wengine huweka bomba lililochomelewa moja kwa moja kwenye reli, wakaamini wamepata mbadala. Bomba la namna hiyo linaokoa rejeta kwenye mguso mdogo, ndiyo, lakini vikopo vya kujikunja havipo tena, na kishindo kinaingia kwenye chesisi kizimakizima. Wanaotoboa boriti matundu ili iwe nyepesi ndio wananisikitisha zaidi. Boriti nyingi za siku hizi ni chuma kigumu kilichopikwa kwa joto maalumu. Ukikitoboa au kukichomelea, umekiharibu pale ulipokigusa, na kwa macho huwezi kujua kitakatikia wapi.

Anayetaka gari jepesi ana pa kuanzia. Betri ya lithiamu inapunguza kilo 10 au zaidi. Kiti cha umeme kikibadilishwa na cha mashindano unapata zaidi ya hapo, na rimu nyepesi utaziona kwenye breki na kwenye kona. Yakiisha hayo yote na bado anataka kuvua chuma, gari hilo liwe la uwanjani, lipelekwe huko juu ya gari la kubebea, na siku ya kuliuza mnunuzi aandikiwe kwenye karatasi ya mauziano kwamba chuma hakipo.

Kwa anayenunua gari la kasi lililotumika: chuchumaa mbele yake, mulika tochi kwenye matundu ya grili na yale ya chini ya bampa. Unatakiwa kuona boriti ikipita mbele ya rejeta. Ukiona rejeta moja kwa moja, usitoe pesa kabla kava haijavuliwa mbele yako. Nyuma fanya vilevile kwa kulala chini na kutazama juu ya ekzosi.

Na wewe Mhariri, nakuomba mwandishi wako arudi kwa yule mwenye gari amuulize kama vyuma vile bado anavyo, na kama gari linatembea barabarani. Bolti zake hazichukui hata saa moja kurudishwa.

Msomaji wako,
Fundi wa bodi za magari